Gobore la Baba na Barua Niliyoiandikia Mahakama

Mara ya kwanza kumwogopa mdogo wangu nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na yeye thelathini na nne. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepanda kwenda Matogoro kuwapelekea wanawe wawili sketi za shule nilizowashonea. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, gobore la marehemu baba yetu likiwa limelala mapajani, analifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Mlango nyuma yake ulikuwa umeegeshwa. Wifi yangu, ambaye kwa kawaida angenipokea mzigo kabla sijafika uani, hakutoka. Wala watoto hawakutoka.

“Shikamoo dada,” akanisalimia, kwa sauti yake ileile.

Nikaitikia. Nikamuuliza analifanyia nini gobore. Akasema nguruwe pori wameingia shambani, anataka kuwatisha. Nikaangalia shamba lililokuwa nyuma ya nyumba, linalopanda mpaka karibu na msitu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa miezi minne nyuma. Yalibaki mabua tu, tena mengine yameshalazwa. Sikumwambia kwamba nimeona hilo. Nilimpa zile sketi, nikasema nina wateja wananisubiri, nikashuka mlima haraka kuliko nilivyoupanda.

Gobore lile tulikua nalo. Baba alikuwa akilining'iniza ndani ya jiko, kwenye dari ya mianzi tulipokuwa tukikaushia mahindi ya mbegu, na msimu wa mahindi kukomaa alikuwa akilipiga mara moja au mbili hewani, nguruwe wanakimbia, sisi watoto tunaziba masikio na kucheka. Alikuwa akisema ana kibali. Kibali hicho hakuna aliyewahi kukiona. Alipofariki tuligawana vitu vyake kama watu wanavyogawana: mimi nilichukua cherehani aliyomnunulia mama, mdogo wangu akachukua shamba, majembe na gobore. Ukoo mzima ulikuwapo siku hiyo, wazee kwa vijana, na hakuna mtu aliyesema kwamba kile ni kitu ambacho sheria inakikataza kukaa ndani ya nyumba bila leseni. Hata mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne, sikusema. Kwetu lilikuwa kama jembe refu.

Mdogo wangu hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi bila kumtetea. Mama alipougua miguu ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Lakini alikuwa amekwenda Namtumbo kulima tumbaku misimu miwili, na aliporudi alikuta maneno yanamsubiri kilabuni. Watu walimwambia mke wake alikuwa na mtu. Hawakumtaja huyo mtu, na mimi naamini hakuwapo. Yeye aliamini. Akaanza kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuanzia saa nne asubuhi, na ulanzi ukikosekana, komoni ya mahindi. Akawa akihesabu dakika ambazo mke wake anatumia kwenda kisimani.

Jumanne iliyofuata wifi alikuja kwangu Msamala, mjini Songea, kwenye kibanda ninachoshonea. Alikuja na gauni mkononi kana kwamba anataka lipunguzwe. Alisubiri mteja mwingine aondoke, ndipo akakaa. Aliniambia kwamba ile Jumamosi, kabla sijafika, mdogo wangu alikuwa amemwelekezea gobore kifuani mbele ya watoto, anamtaka ataje jina. Nilipoita hodi ndipo akatoka nalo nje. Nikamuuliza kama lilikuwa na baruti. Akaniangalia kwa mshangao.

“Sijui, wifi. Ukishaelekezewa huwezi kujua.”

Nilimwambia achukue watoto aende kwao. Akasema kwao ni mbali, na akiondoka atakuwa amethibitisha yale yanayosemwa. Akachukua gauni lake, ambalo sikuligusa, akarudi Matogoro.

Nilikwenda kuzungumza na mdogo wangu mara tatu. Mara ya kwanza nilimweleza kwa upole kwamba nimesikia redioni Serikali imetangaza wenye silaha zisizo na leseni wazisalimishe kwa hiari, hawatashtakiwa ndani ya muda uliowekwa. Alikubali. Alisema atalipeleka wiki hiyo. Mara ya pili nilimkuta amelewa, akasema atalipeleka akimaliza kuuza maharage. Mara ya tatu muda wa kusalimisha ulikuwa umebaki siku chache. Nilimwambia nitalipeleka mimi mwenyewe, nilifunge kwenye khanga, nilibebe mpaka kituoni, yeye asijisumbue. Akasimama. Akaja karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya pombe, akaniuliza taratibu, “Nani amekutuma, dada?”

Niliondoka nikiwa nimekaza mgongo wote, kwa sababu njia ya kutoka kwake ilinilazimu nimpe kisogo.

Siku za kusalimisha zikapita. Mwezi mmoja baadaye nilikwenda kwa polisi wa kata. Nilivaa miwani ya jua nisiyoizoea na nilipitia njia ya sokoni ili mtu akiniona adhani nanunua mchicha. Nilimweleza yule polisi kila kitu: jikoni, dari ya mianzi, upande wa kulia ukiingia. Aliandika kidogo sana. Aliniambia jina langu halitaandikwa popote, itasomeka kwamba taarifa imetoka kwa raia mwema.

“Mtamfunga?” nikamuuliza.

“Hilo si langu, mama,” akasema. “Mimi kazi yangu ni kukamata. Adhabu inaamuliwa na mahakama.”

Nilichagua kusikia sehemu ya kwanza tu. Nilijiambia watachukua bunduki, watamlaza mahabusu siku mbili, pombe itamtoka, atarudi. Kweli kabisa, ndivyo nilivyofikiri.

Walimkamata kesho yake kabla ya saa sita mchana, akiwa anapalilia migomba. Gobore lilikuwa palepale nilipowaambia. Lilikuwa limeshindiliwa baruti na vipande vya nondo, tayari kabisa. Mama alinipigia simu akilia, na mimi nikapiga kelele ya mshangao. Nilijisikia mwenyewe nikiipiga.

Kuanzia siku hiyo hofu niliyokuwa nayo kwa ajili ya wifi ilihamia sehemu nyingine. Mama alihamia kwangu ili awe karibu na mahabusu. Kila jioni aliketi kwenye mkeka, rozari mkononi, na katikati ya sala alikuwa akisimama na kusema kwa Kingoni maneno ambayo sitayaandika yote. Maana yake ni kwamba aliyemchongea mwanawe hatafika mbali, na watoto wake hawatafika mbali. Mimi sina watoto. Nilikuwa nikisikiliza nikiwa nimeinama juu ya cherehani, nashona bila kuona mstari. Kisha mama akaamua kwamba aliyefanya hivyo ni jirani yao wa Matogoro, mzee mmoja waliyewahi kugombania naye mpaka wa shamba. Akaacha kumsalimia. Ukoo mzima ukaacha. Mke wa yule mzee alipokuja na sahani ya viazi kutupa pole, mama alimgeuzia uso ukutani. Niliipokea sahani mimi.

Wakati huo hatukujua atashtakiwa kwa lipi hasa. Kila baada ya siku kumi na nne alipelekwa mahakamani, tukaambiwa upelelezi haujakamilika na jalada liko kwa wanasheria wa Serikali, akarudishwa. Dhamana haikupatikana. Kwenye foleni ya kupeleka chakula mahabusu kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Tunduru, mwenye baibui jeusi na mtandio, alitusikia tukitaja gobore, akasema shemeji yake alikamatwa na gobore pamoja na nyama ya porini, amekula miaka ishirini. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, anapanga makopo yake ya wali. Alhamdulillahi, akasema, yuko hai. Mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na ulikuwa mwezi wa saba, Songea ina baridi, lakini haikuwa baridi ile.

Nilihesabu usiku na mchana: thelathini na nne na ishirini, hamsini na nne. Mama hatakuwepo. Mabinti wa mdogo wangu watakuwa wameshaolewa.

Parokiani tulielekezwa kwa wakili mmoja kijana, mwanamke, aliyekuwa akitoa msaada wa kisheria bila malipo. Alikuwa mdogo kiasi kwamba mama alitaka kumwita mwanangu, kisha akajizuia. Nilimuuliza swali moja tu: mahakama inaamuaje? Kwa nini mmoja apate ishirini na mwingine atoke?

Alinieleza kwa utulivu. La kwanza, alisema, ni shtaka lenyewe limeandikwaje. Kama silaha imekutwa pamoja na nyara za Serikali au imetumika kwenye ujambazi, kesi inakwenda kwenye makosa ya uhujumu uchumi na huko miaka ni mizito, hakimu hata akitaka kuhurumia hana mahali pa kushikia. Kama ni kupatikana na silaha bila leseni peke yake, hakimu anabaki na nafasi, na nafasi hiyo ni pana, inaweza kuanzia faini mpaka miaka mingi gerezani. Ndani ya nafasi hiyo anaangalia vitu. Ni silaha ya aina gani. Ilikuwa na risasi au baruti, au ilikuwa tupu. Iliwekwa kwa kazi gani. Mshtakiwa ameshawahi kupatikana na kosa. Amekiri mapema au ameisumbua mahakama. Amekaa mahabusu muda gani. Ana umri gani, ana afya gani, nani wanamtegemea.

“Na anaangalia kama kuna mtu yuko hatarini akirudi,” akamalizia.

Nilijifanya nasoma tangazo lililokuwa ukutani.

Wiki mbili baadaye tuliambiwa jalada limerudi. Shtaka lilikuwa moja: kupatikana na silaha na baruti bila leseni. Mama alipiga magoti palepale nje ya ofisi ya wakili. Wakili akatuambia bado tusishangilie. Alitaka mambo mawili kutoka kwetu. Wifi aje mahakamani siku ya kesi na watoto, hakimu awaone. Na mimi, kwa kuwa ndiye dada mkubwa na ninajua kuandika, niandike barua ya familia kueleza tabia ya mdogo wangu, kwamba ni mtu mpole, mkulima, mwenye kupenda familia yake, na kwamba gobore lilikuwa la kufukuzia nguruwe.

Wifi alikuwa ameshapata habari kabla sijamwambia. Alikuja kibandani akiwa amemshika mkono binti yake mdogo. Alisimama tu, hakukaa.

“Wifi,” akasema, “ukiwaandikia kwamba ni mpole, wakamwachia, mimi nitalala wapi?”

Nikamwambia sijaandika bado.

“Simchukii,” akasema. “Ila nikisikia mlango unasukumwa, hata na upepo, mkojo unanitoka. Mimi mtu mzima.”

Kisha akaniambia jambo lililonifanya niache mkasi. Alisema anajua ni mimi niliyekwenda polisi. Aliniona nikipita sokoni na ile miwani, na kesho yake wakaja. Hakumwambia mtu. Alisema kila siku anamwombea yule mzee jirani na kumwomba Mungu msamaha kwa kunyamaza, na kwamba anyamazapo ananyamaza kwa ajili yangu. Nilimpa mtoto kipande cha kitambaa chekundu cha kuchezea.

Barua ile niliiandika mara nne. Ya kwanza ilisema ni mpole, niliichana. Ya pili ilisema kila kitu. Niliichana vipande vidogo zaidi na kuvichoma, kwa sababu mama alikuwa chumba cha pili na niliogopa hata majivu. Ya mwisho ilikuwa fupi. Niliandika kwamba ndiye anayelima chakula cha mama. Kwamba hajawahi kushtakiwa. Kwamba gobore ni la marehemu baba na kwamba sisi sote katika ukoo tulijua lipo, na tulipaswa kulisalimisha, mimi nikiwa wa kwanza. Niliandika kwamba kwa siku za karibuni alikuwa amelemewa na pombe. Sikuandika kuhusu wifi. Neno mpole sikuliandika.

Wakili aliisoma mbele yangu. Akaisoma tena. Akaniuliza kama kuna kitu sijamwambia, na mimi, kwa mara ya kwanza, nikamwambia mtu. Alisema yeye anamtetea mdogo wangu, si kazi yake kupeleka mbele ya hakimu jambo litakalomwumiza, lakini hatasema uongo mahakamani na hatamwita mtu kusema uongo. Barua ataipeleka ilivyo. Na kuhusu wifi, hatamfundisha maneno.

Siku ya kesi tulikaa benchi la tatu: mama, mimi, wifi na watoto wawili. Kabla ya mdogo wangu alisimamishwa kijana mwingine, aliyeshatiwa hatiani siku za nyuma kwa bastola ya kienyeji aliyokutwa nayo katika jaribio la kupora duka. Hakimu alisoma sababu zake bila kuinua sauti: silaha imetumika kutisha watu, mshtakiwa ana rekodi ya kosa la awali, hakuonyesha majuto. Kisha akataja miaka. Nilisikia kumi na tano. Mwanamke nyuma yetu alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba, basi. Mama akaniuliza kwa kunong'ona, wamesema mingapi? Nikamwambia sikusikia.

Mdogo wangu aliingia akiwa amekonda. Miezi mitano ya mahabusu ilikuwa imemtoa pombe usoni, akawa anafanana na baba. Alisomewa shtaka, akakiri. Wakili wa Serikali akasoma maelezo ya jinsi alivyokamatwa: taarifa kutoka kwa raia mwema, kupekuliwa kwa jiko, gobore lililoshindiliwa. Kila aliposema raia mwema nilihisi shingo ikiniwaka, na sikuthubutu kumtazama mama. Halafu akasoma sentensi ambayo hatukuitegemea, kwamba kwa mujibu wa taarifa hiyo mshtakiwa alikuwa akitumia silaha hiyo kuitishia familia yake.

Hakimu akamuuliza kama maelezo hayo ni ya kweli, yote.

Wakili wetu aligeuka kumtazama. Mdogo wangu angeweza kukataa sehemu ile. Wakili alinieleza baadaye kwamba angeikataa, upande wa mashtaka ungetakiwa kuithibitisha au kuiacha, na huenda wangeiacha. Mdogo wangu alitazama benchi letu. Hakunitazama mimi, alimtazama mke wake, kisha mabinti zake. Ilichukua muda mrefu mpaka hakimu akarudia swali.

“Ni kweli, mheshimiwa,” akasema. “Nilimwelekezea mama watoto wangu. Mara mbili.”

Mama aliachia mkono wangu.

Ilipofika wakati wa kuomba apunguziwe adhabu, wakili alisema yale aliyonieleza: kosa la kwanza, amekiri bila kuisumbua mahakama, silaha ya urithi, miezi mitano ndani, mama mgonjwa, watoto wadogo. Akaitoa barua yangu. Hakimu aliisoma kimya, na nilipomwona amefika chini ya ukurasa nilitamani kuinyang'anya. Upande wa Serikali ukasema gobore lililoshindiliwa si kumbukumbu ya marehemu, ni silaha, na mwathirika wa kwanza angekuwa mke. Wakaomba adhabu kali.

Ndipo hakimu akauliza kama mke wa mshtakiwa yupo. Wifi akasimama, amemshika mtoto mkono. Hakimu akamwambia halazimishwi kusema chochote, lakini kama ana jambo ambalo mahakama ilijue kabla ya adhabu, anaweza kulisema. Nilifikiri ataanguka.

“Sitaki afungwe mpaka watoto wamsahau,” akasema. “Nataka bunduki isirudi. Na yeye asirudi leo.”

Akakaa.

Hakimu aliahirisha mpaka saa nane mchana. Tulikaa nje chini ya ukuta, hakuna aliyekula. Mama hakuongea na wifi, wala wifi hakuongea na mtu. Mimi nilikuwa napiga hesabu zilezile, thelathini na nne na kumi, thelathini na nne na kumi na tano.

Saa nane hakimu alisoma. Alisema amezingatia kwamba mshtakiwa amekiri, tena amekiri hata lile ambalo lingeweza kumwumiza, na mahakama inalichukua hilo kama majuto ya kweli. Amezingatia kwamba ni kosa la kwanza na muda aliokaa mahabusu. Lakini silaha ilikuwa tayari kwa kuua, na kuna mtu alielekezewa. Kwa sababu hiyo faini peke yake haitoshi. Akasema mahakama haiwezi kumrudisha siku hiyohiyo kwenye nyumba aliyoitia hofu. Miaka mitatu gerezani. Gobore litaifishwe, liwe mali ya Serikali.

Miaka mitatu. Nilipumua kama mtu aliyeibuliwa kwenye maji. Halafu nikaona anafungwa pingu, na pumzi ileile ikanisuta.

Nilimweleza mama ukweli siku ya tatu baadaye. Hakunilazimisha mtu. Mama alikuwa anapanga kwenda na shangazi zangu kwa yule mzee jirani kumwambia usoni, na mmoja wao alikuwa anazungumzia kumwita mganga kutoka nje ya wilaya. Niliogopa kitakachompata yule mzee kuliko nilivyoogopa laana. Nilimkalisha, nikamwambia, mama, ni mimi. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu nilijuaje kama gobore lilikuwa limeshindiliwa. Nikamwambia sikujua. Akakusanya nguo zake, akaomba bodaboda, akarudi Matogoro. Hakuongea na mimi kuanzia Agosti mpaka Krismasi. Lakini kesho yake, niliambiwa, alikwenda kwa jirani na mkungu wa ndizi, akakaa kwake mpaka jua likazama.

Gerezani nilikwenda kila mwezi. Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe katika ziara ya pili, kupitia wavu, askari akiwa amesimama karibu. Alisema alishajua. Polisi walipoingia jikoni walikwenda moja kwa moja upande wa kulia.

“Ungeniambia kwanza, dada.”

“Nilikuambia mara tatu.”

Akafikiri. “Ndiyo,” akasema. “Uliniambia.” Kisha akauliza kama mahindi yamepandwa. Sikujua kama amenisamehe, na mpaka leo sijamuuliza.

Alitoka kabla ya miaka mitatu kutimia, kwa msamaha wa tabia njema. Siku hiyo sikufungua kibanda. Nilikaa ndani na wifi, ambaye tangu kesi alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwangu na anauza dagaa wa Ziwa Nyasa, na tulifunga mlango kwa komeo ingawa ilikuwa mchana. Hatukuambiana kwa nini. Hakuja. Alikwenda moja kwa moja kwa mama.

Sasa anaishi huko, analima. Jumapili baada ya misa anawaona mabinti zake nje ya kanisa, wifi akiwa upande wa pili wa uwanja, na mimi katikati. Amekuwa akiniambia kwamba hajanywa, na kwa kadiri ninavyoona ni kweli. Wifi hajaamua kurudi. Alisema asilazimishwe, na wakati huu ukoo haukumlazimisha. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kibandani bila taarifa kuleta maharage. Kivuli chake kilipoziba mlango niliruka, sindano ikanichoma kidole. Aliona. Akarudi nyuma hatua mbili, akayaweka maharage chini nje, akasema shikamoo akiwa hukohuko.